Ridhaa ya Nani?

Kiswahili kina maneno mawili ya kugawa mabondia. Kuna ndondi za ridhaa na kuna ndondi za kulipwa. Mtangazaji wa redio akisema "bondia wa ridhaa", unajua huyu anapigania klabu au nchi, raundi tatu, nishani shingoni, wimbo wa taifa. Akisema "bondia wa kulipwa", unajua huyu ana meneja na promota, na anapigania mkanda na hela. Maneno yenyewe yanakuambia nani ana pesa na nani hana. Wa ridhaa amependa tu. Wa kulipwa analipwa.

Sasa njoo Nairobi uone vile mambo yako. Bondia wa ridhaa aliye kwenye klabu ya polisi, ya jeshi au ya magereza ana mshahara. Mwisho wa mwezi simu inalia. Ana likizo, ana matibabu, na siku mikono ikichoka ana pensheni. Bondia wa kulipwa anaweza kukaa miezi minane bila pambano, na pambano likija, wakati mwingine anazunguka mtaani akiuza tiketi mwenyewe ndiyo ukumbi ujae. Yaani kwetu anayelipwa ni wa ridhaa, na anayejitolea ni wa kulipwa.

Nimekuwa nikiyatafuna haya maneno tangu Machi kwa sababu ya mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu. Ni ndugu, na makosa yake yanahesabiwa pamoja na yako. Ana miaka 22. Amepigana tangu darasa la sita, kwanza kwenye ukumbi wa jamii hapa Eastlands, ambako begi la mazoezi lilikuwa gunia lililojazwa nguo kuukuu, halafu kwenye ligi, halafu kwenye majaribio ya timu ya taifa. Mwaka huu vitu viwili vimemfikia ndani ya wiki moja. Klabu moja ya vikosi imemwambia nafasi ipo, akipita usaili atavaa sare na kupigana. Na promota mmoja amemtumia mkataba wa kurasa sita, kwa Kiingereza kigumu, wa kuwa bondia wa kulipwa kwa miaka mitatu. Pambano la kwanza ni nje ya nchi.

Mama mdogo alinipigia simu asubuhi. "Wewe ndiye umesoma. Kuja umsomee hiyo karatasi."

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika. Cheti sina. Lakini kwa mama mdogo kusoma ni kusoma, cheti ni mambo ya serikali. Tena anajua naishi kwa kuandika, kwa hiyo lazima karatasi na mimi tunaelewana. Nilienda. Mdogo wangu alinipa zile kurasa sita zikiwa zimekunjwa mara nne, kama barua ya mapenzi.

"Bro, niambie tu kama ni poa."

Nilimwambia anipe wiki mbili. Mkataba ungesomeka kwa saa moja. Wiki mbili nilizitaka kwa sababu ya Robert Wangila.

*

Kila mtoto wa Kenya anajua tuna dhahabu nyingi za Olimpiki. Kuanzia Kipchoge Keino mpaka Faith Kipyegon, zote zimekuja kwa miguu. Isipokuwa moja. Dhahabu moja tu ya Kenya imekuja kwa mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya Robert Wangila Napunyi, mzaliwa wa Nairobi, uzani wa welta, Seoul 1988.

Mwaka uliotangulia, Michezo ya Afrika ilikuwa hapa nyumbani. Kasarani ilikuwa mpya. Timu ya ndondi, Hit Squad, ilikuwa inaogopwa bara zima, na Wangila alikuwa mmoja wa waliobeba dhahabu mbele ya watu wao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka huo, nadhani, methali hiyo ilisema kweli.

Halafu Seoul. Fainali alikutana na Mfaransa, Laurent Boudouani. Pambano la ridhaa siku hizo lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika tisa. Hili halikufika nusu. Raundi ya pili Wangila alimtua chini kwa KO, na haikuhitajika kadi ya jaji yeyote. Kitu hicho kilikuwa na maana kubwa mwaka ule, maana Seoul ndiko Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu baada ya kumcharaza Park Si-hun wa Korea Kusini kwa raundi zote tatu, majaji wakampa Park. Kashfa ilikuwa kubwa kiasi kwamba Olimpiki iliyofuata, Barcelona 1992, ndondi zikahesabiwa kwa mashine. Wangila hakuwaachia majaji nafasi ya kufikiria.

Alikuwa na miaka 21. Kabla yake, nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa na dhahabu ya ndondi ni Afrika Kusini peke yake, na waliozileta walikuwa mabondia weupe. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza. Mwenzake wa Hit Squad, Chris Sande, alirudi na shaba ya uzani wa kati. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa Kenya amerudi kutoka Olimpiki na nishani ya ndondi ya rangi yoyote.

Mwaka uliofuata, 1989, Wangila aliondoka. Akaenda Marekani kupigana za kulipwa.

*

Wazee wa mtaani hulisema hilo kama vile mtu anasimulia mwana mpotevu. "Angekaa." Nimesikia hilo neno mara nyingi sana kwenye benchi la ukumbi. Angekaa angepata kazi nzuri, angekaa angefundisha vijana, angekaa angekuwa hai.

Lakini hebu kaa kwenye viatu vyake. Una miaka 21, dunia nzima imekuona, na daraja uliyofikia ndiyo ya mwisho. Ridhaa haina kitu kingine cha kukupa juu ya dhahabu ya Olimpiki. Unaweza kuilinda miaka minne mingine, ama uende. Na angalia waliokuwa Seoul pamoja naye: Lennox Lewis, Riddick Bowe, Ray Mercer, Kennedy McKinney, Roy Jones. Wote waligeuka wa kulipwa. Kufikia katikati ya 1994 kila mmoja wa hao watano alikuwa ameshavaa mkanda wa dunia. Hili halikuwa wazo la mtu aliyepotea njia. Darasa lote lilichukua matatu hiyohiyo.

Tofauti ni nani alikuwa amelipa nauli ya nani. Nilimuuliza kocha mmoja mzee, mtu ambaye amefunga bendeji mikono ya watoto wa mtaa huu kwa miaka thelathini, ni nini hasa hubadilika ukitoka ridhaa ukaingia kulipwa. Nilidhani atazungumzia ngumi. Alizungumzia ratiba.

"Kwa ridhaa," akasema, "unapigana na mwenye jina lako limetoka pamoja na lake kwa droo. Kwa kulipwa hakuna droo. Kuna mtu amekaa na simu anachagua. Sasa swali ni, huyo mtu anakuchagulia mpinzani, ama anachagulia mpinzani wewe?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kwenye ndondi za kulipwa kila usiku una pande mbili. Upande mmoja kuna bondia anayejengwa: promota amewekeza kwake, anamtafutia wapinzani kwa vipimo, leo mzee aliyechoka, kesho mwenye mkono mzito lakini mwendo wa kobe, polepole mpaka awe tayari. Upande wa pili kuna anayeitwa kuja kujenga. Wote wanalipwa, ila mmoja analipwa kama mali, mwingine kama kibarua. Bingwa wa Olimpiki kutoka Marekani alikuwa na televisheni nyuma yake tangu pambano la kwanza. Kijana kutoka Nairobi alikuwa na nishani na begi.

Halafu kuna mwili. Seoul walipigana na kofia za kinga. Ukigeuka wa kulipwa siku hizo, kofia ilitoka. Unaanza na raundi nne, unapanda sita, nane, kumi. Pambano la ubingwa ni kumi na mbili. Mtu aliyejifunza kumaliza kazi ndani ya dakika tisa sasa anaambiwa dakika tisa ni kupasha moto. Anajifunza kugawa pumzi, kugawa ngumi, na kitu ambacho hakuna anayekisema wazi: anajifunza kugawa maumivu. Kwa ridhaa refa humsimamisha mtu mapema, na wazee hulalamika. Kwa kulipwa watu wamenunua tiketi.

Wangila alifanya kazi yake. Alishinda zaidi ya mapambano 20 kule. Alipoteza machache. Mkanda wa dunia hakuwahi kuvaa. Na yule Boudouani aliyemlaza Seoul? Alirudi Ufaransa, akajengwa taratibu, na mwaka wa 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzani wa juu kidogo ya welta. Aliulinda mkanda huo mpaka 1999.

Wangila hakuuona huo mwaka wa 1996.

*

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas. Mpinzani anaitwa David Gonzales. Raundi ya tisa refa Joe Cortez anaingia kati na kusimamisha pambano. Wangila anapinga. Anataka kuendelea. Anatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha kubadilishia nguo, na huko anapoteza fahamu. Siku mbili baadaye, tarehe 24, anafariki hospitalini kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26.

Kuna kitu nimesoma kuhusu majeraha ya namna hii ambacho nimeshindwa kukiweka kando. Mara nyingi ngumi haiui palepale. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, mishipa midogo inayouunganisha na utando wake inakatika, na damu inaanza kujikusanya polepole. Kwa dakika kadhaa mtu anaweza kuwa anaongea vizuri kabisa. Anaweza kubishana na refa. Anaweza kusema niko sawa na aamini anachosema. Ndiyo maana neno la bondia mwenyewe halitoshi. Ndiyo maana lazima kuwe na mtu mwingine pale pembeni ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye, si kuangalia pambano.

Cortez alifanya kazi yake usiku ule. Alisimamisha. Na bado.

Nilipomsimulia mdogo wangu sehemu hii alinyamaza kwa muda, kisha akasema kitu ambacho sikutarajia. "Kwa hiyo alikufa akitaka kuendelea." Nikamwambia ndiyo. "Mimi pia ningetaka," akasema, kama mtu anayekuambia urefu wake.

*

Sasa, ningeishia hapo ushauri ungekuwa rahisi. Vaa sare, chukua mshahara, kaa nyumbani, mcheza kwao hutunzwa. Mama mdogo angefurahi. Lakini kuna mtu mwingine kwenye hadithi hii ambaye vijana wengi wa rika langu hawamjui, na ni yeye aliyeniharibia ushauri.

Stephen Muchoki. Kilo 48. Mwendo wake ulingoni ulikuwa mzuri mpaka watu wakambatiza "Stylish". Dhahabu ya Jumuiya ya Madola 1974 kule Christchurch, nyingine 1978 kule Edmonton. Mwaka huohuo wa 1978, Belgrade, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa.

Angalia tena hiyo miaka: dhahabu 1974, dhahabu mbili 1978. Kati yake kuna Olimpiki ya Montreal 1976, na baada yake kuna Moscow 1980. Kenya haikwenda yoyote. Mwaka wa 1976 nchi za Afrika zilisusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi. Mwaka wa 1980 Kenya ilisusia pamoja na Marekani kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti Afghanistan. Sababu ya kwanza bado naiheshimu. Lakini hesabu ni hesabu: kijana aliyekuwa bora duniani kwa uzani wake hakukanyaga Olimpiki hata moja katika miaka yake bora, kwa uamuzi uliofanywa kwenye ofisi ambayo hakuwahi kuingia.

Hapo ndipo neno "ridhaa" lilinishtua. Ridhaa maana yake ni kukubali. Linatoka ukoo mmoja na radhi, ile tunayoomba kwa wazazi kabla ya safari. Bondia wa ridhaa, kwa jina lake, ni mtu aliyekubali. Na Muchoki alikubali nini? Nani alimuuliza?

Aligeuka wa kulipwa, akawa anapigana Denmark. Novemba 1982, mjini Copenhagen, alipata nafasi ya mkanda wa dunia wa WBA wa uzani wa flai dhidi ya Santos Laciar wa Argentina. Alisimamishwa raundi ya kumi na tatu. Mapambano ya ubingwa wakati huo yalikuwa raundi kumi na tano. Siku chache baadaye, mwezi uleule, Mkorea Duk Koo Kim aliumizwa vibaya Las Vegas na akafariki, na WBC ikapunguza raundi kuwa kumi na mbili. Mashirika mengine yakafuata. Raundi ambayo Muchoki alipoteza ndoto yake, leo haipo tena.

Na kabla ya Muchoki kulikuwa na Philip Waruinge. Mexico 1968 alipata shaba, lakini ndiye aliyepewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote wa Olimpiki. Munich 1972 akapata fedha. Kisha akaenda kupigana za kulipwa Japani, kwa jina la ulingoni la Waruinge Nakayama, na mwaka wa 1976 akapelekwa Panama kupigania mkanda mpya wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco. Riasco alikuwa Mpanama. Alishinda Riasco. Rudi kwa lile swali la kocha: unachaguliwa mpinzani, ama unachaguliwa kuwa mpinzani?

Watu watatu, ndondi bora kabisa nchi hii imewahi kutoa. Japani, Denmark, Marekani. Hakuna hata mmoja aliyepata mkanda wa dunia. Ukiwaweka pamoja unaona kwamba tatizo halikuwa kuondoka kwenyewe. Walitoka mahali ambapo wengine waliamua bila kuwauliza, wakaenda mahali ambapo wengine waliamua bila kuwauliza. Kilichobadilika ni kwamba huku kwanza, ukiumia, kulikuwa na timu.

*

Sitaki kujifanya ninajua ulingo. Nimevaa glavu mara mbili maishani na mara zote mbili nilikaa chini. Lakini kulipwa nakujua.

Mimi ni mwandishi wa kulipwa. Maana yake ni kwamba ninaandika makala, ninatuma, halafu nasubiri. Kuna kampuni moja ilinilipa baada ya miezi mitano, na mwezi wa nne walinitumia ujumbe wa kunitakia sikukuu njema. Mwenzangu tuliyeanza chuo pamoja yuko ofisini, ameajiriwa, anaandika matangazo ya sabuni, na anaandika mashairi usiku kwa ridhaa yake. Tukikutana Ijumaa ananinunulia chakula na kuniambia, "Wewe angalau unaishi ndoto." Mimi namwangalia kadi yake ya bima ikichungulia kwenye pochi.

Simwonei wivu, ama tuseme simwonei wivu kila siku. Kuna makala nimeandika ambazo yeye hawezi kuandika kwa sababu hana mchana wake mwenyewe. Ila nimejifunza kitu: mtu wa kulipwa haachi mshahara peke yake anapoondoka. Anaacha watu ambao ni kazi yao kugundua kama leo hukufika. Mwaka jana niliugua homa kwa siku tisa. Siku ya kumi ndipo mtu wa kwanza aliuliza niko wapi, na alikuwa wa kodi ya nyumba.

Kulinganisha kunaishia hapo. Mimi hakuna mtu amenipiga kichwani kwa raundi tisa. Makala mbaya haivuji damu. Lakini ndiyo sababu nilipokaa tena na zile kurasa sita, sikutafuta kwanza sehemu ya pesa. Nilitafuta nani atakuwa pembeni.

Hakuwepo. Mkataba ulisema promota ana haki zote za pekee kwa miaka mitatu, na akishinda mkanda wowote, miaka inaongezeka yenyewe. Ulisema mdogo wangu hawezi kukataa mpinzani "bila sababu ya msingi", na atakayepima msingi ni promota. Haukusema atapigana mara ngapi kwa mwaka. Haukusema nani analipa skani ya ubongo kabla ya pambano la nje, wala nani anamrudisha nyumbani akiumia. Haukusema kama kocha wake, yule mzee wa bendeji, atasafiri naye.

Tulikaa kwenye ngazi za ploti yao tukaandika maswali, yeye akisema kwa Kisheng, mimi nikigeuza kuwa Kiingereza cha mawakili. Yalifika tisa. La kwanza alilotaka liandikwe halikuwa la pesa. "Andika kwamba kocha ndiye anarusha taulo. Si mimi. Si wao."

Halafu nikamwambia tuandike maswali ya kikosi pia. Akashangaa. "Hao si wananilipa tu?" Nikamkumbusha Muchoki. Atapewa ruhusa ya kwenda kambi ya timu ya taifa ama kamanda atasema zamu kwanza? Akitaka kugeuka wa kulipwa baada ya miaka minne, ataachwa aende? Akiumia ulingoni, inahesabiwa ameumia kazini? Akanyamaza akihesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo kote kuna mtu wa kuniamulia."

"Kote."

"Sawa. Basi nataka nijue jina lake mapema."

Nimeandika makala nyingi kuhusu ujana wa jiji hili, na sidhani kuna sentensi yangu hata moja inayofika hiyo.

Kikosi kimejibu: usaili ni mwezi ujao, na kuhusu mambo mengine aulize akishaingia. Promota amejibu maswali manne kati ya tisa. Skani amekubali. Raundi sita badala ya nane, amekubali. Kocha, anasema tikiti ya pili ni ghali, kuna watu wazuri hukohuko. Mdogo wangu alimrudishia ujumbe mfupi, na hakuniomba niutafsiri: bila kocha, hakuna pambano. Akaweka simu mfukoni akaenda kuruka kamba.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Mama mdogo hajasoma mkataba, hataki kusikia habari za Las Vegas, lakini kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko ananitumia ujumbe wa neno moja: "Amejibu?"